Ngeli za Namba: Historia ya Ugeuzaji wa Aina za Data katika Lugha za Kompyuta

Mwezi wa Aprili mwaka 1957 watumiaji wa mashine za IBM 704 huko Marekani walianza kupelekewa programu ya kufasiri iliyoitwa Fortran. Waliokuwa wameitunga, kikundi kidogo kilichoongozwa na John Backus, walikuwa wameahidi jambo ambalo wengi hawakulisadiki: kwamba mtu wa hisabati ataandika kanuni zake kwa namna iliyo karibu na ile aliyoizoea daftarini, na mashine yenyewe itazifasiri ziwe amri inazozielewa. Ahadi hiyo ilitimizwa kwa kiasi kikubwa. Walakini mwanafunzi wa lugha hiyo, alipofungua kitabu cha maelezo kilichotangulia kutolewa mwezi wa Oktoba 1956, alikuta humo sharti moja ambalo hesabu ya shuleni haikuwahi kumfundisha. Aliruhusiwa kuandika A=3.0*B, lakini hakuruhusiwa kuandika A=3*B. Kwa mwalimu wa hesabu tatu ni tatu. Kwa Fortran 3 na 3.0 vilikuwa vitu viwili vya aina mbili, navyo havikuchanganywa katika usemi mmoja.

Sharti hilo lilitokana na umbo la mashine. IBM 704 iliweka kila kitu katika vyumba vya kumbukumbu vya biti 36. Chumba kimoja kiliweza kuwa na namba kamili; au namba yenye nukta inayoelea, ambayo biti yake moja ni ya alama ya kujumlisha au kutoa, biti nane za kuonyesha mahali pa nukta, na biti 27 za tarakimu zenyewe; au kiliweza kuwa na herufi sita, kila moja biti sita; au tena amri ya mashine. Biti zenyewe hazisemi ni kipi kati ya hivyo. Ajuaye ni yule anayezisoma, naye akikosea atapata jibu, tena jibu lenye sura nzuri, ila si jibu la swali lililoulizwa.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kwenda mbali kutafuta mfano wa jambo hili. Tarakimu 7 ikiandikwa kwenye karatasi ya safari bila neno jingine lolote, mwenye kufuata saa za Kiswahili ataisoma saa saba, na mwenye kufuata saa za Kizungu ataisoma wakati ule ambao Mswahili huuita saa moja. Alama ni moja, hesabu ni mbili. Kuhama kutoka hesabu moja kwenda nyingine ni kazi nyepesi ya kuongeza au kupunguza sita, lakini haifanyiki kwa usalama mpaka msomaji ajue kwanza ni hesabu gani aliyonayo mkononi. Wasafiri waliokosa gari kwa sababu hiyo hawakukosa kujua kujumlisha.

Basi mtungaji wa Fortran angaliweza kuiachia mashine kazi ya kuigeuza 3 iwe 3.0 kila inapohitajika. Backus alieleza baadaye kwamba jambo hilo lilifikiriwa, nao wakaamua vingine: ikiwa mashine italazimika kufanya kazi ya ziada ya kugeuza, anayeandika programu na ajue kwamba kazi hiyo inafanyika, na njia bora ya kumjulisha ni kumtaka aitaje mwenyewe. Hoja hii yastahili kukumbukwa, kwa maana mabishano yote ya miaka sitini iliyofuata yalikuwa juu yake.

Jambo litakalomvutia mwanaisimu ni njia ambayo Fortran ilitumia kujua aina ya kila kigeu, yaani jina linaloshika mahali pa namba. Jina lililoanza kwa moja ya herufi I, J, K, L, M au N lilihesabiwa kuwa la namba kamili. Lililoanza kwa herufi nyingine yoyote lilikuwa la namba ya nukta. Majina ya kanuni zilizoandaliwa tayari yaliishia kwa F, na yale yaliyotoa jibu la namba kamili yalitanguliwa na X. Hii ni sarufi ya viambishi awali. Kama vile asikiaye ki- mwanzoni mwa jina hutazamia kile, changu na kimoja vifuate, ndivyo mfasiri wa Fortran alivyotazama herufi ya kwanza ya jina na kupanga upatanisho wa sentensi nzima. Usemi uliochanganya ngeli mbili aliukataa.

Mfanano huo haukuishia hapo. Kiswahili kina majina kama kiboko na kifaru, ambayo umbo lake ni la ngeli moja na upatanisho wake ni wa nyingine: husemwa kiboko amekuja, haisemwi kiboko kimekuja, kwa kuwa maana ya uhai hushinda kiambishi. Fortran nayo ilipata viboko vyake. Katika toleo la nne, mwaka 1962, iliruhusiwa kutangaza mwanzoni mwa programu kwamba jina fulani ni REAL au INTEGER, na tangazo hilo likaishinda herufi ya kwanza. Kanuni ya herufi ikabaki kwa majina yasiyotangazwa, nayo ikawa chanzo cha makosa mengi, maana jina lililoandikwa vibaya halikukataliwa. Lilipewa ngeli yake kimyakimya na kuanza maisha mapya. Fortran 90, ambayo ilitolewa kuwa sanifu mwaka 1991, ndiyo iliyoweka katika kanuni rasmi amri ya kuifuta desturi hiyo ndani ya programu.

Tena kuna namba zenyewe. Mtoto wa pwani hujifunza bila kufundishwa kwamba moja, mbili, tatu, nne, tano na nane hufuata ngeli, na kwamba sita, saba, tisa na kumi hazifuati: watu wawili, vitu viwili, lakini watu saba, vitu saba. Mgeni hujifunza hayo kama sheria, na hulalamika. Aliyejifunza Fortran alikuwa mgeni wa namna hiyo katika nchi ambayo haikuwa na wenyeji.

Kugeuza aina kuliruhusiwa mahali pamoja, nako ni penye alama ya usawa. Alama hiyo ilikuwa kama forodha. Upande wa kulia hesabu ilifanywa kwa aina moja, na jibu likivuka kwenda upande wa kushoto lilibadilishwa lifanane na mwenyeji wake. Namba kamili ikiingia katika kigeu cha nukta ilivuka bila hasara. Namba ya nukta ikiingia katika kigeu cha namba kamili ilikatwa: 2.7 ikawa 2, na -2.7 ikawa -2. Hakuna onyo lililotolewa, kwa kuwa hapakuwa na kosa. Yule aliyeandika I mahali pa A alikuwa ameomba ikatwe.

Kugawanya nako kulifuata ngeli. Namba kamili kwa namba kamili ilitoa namba kamili, kwa hiyo 5/2 ilikuwa 2, na 1/2 ilikuwa 0. Humo ndimo ulimojificha mtego ambao walimu waliurithishana. Mwanafunzi aliyetaka kipeuo cha pili cha B aliweza kukumbuka hesabu yake ya sekondari na kuandika B**(1/2). Usemi huo ulikubaliwa, kwa sababu sheria iliruhusu namba ya nukta kuwa na kipeo cha namba kamili. Mashine ikakokotoa kwanza yaliyo ndani ya mabano, ikapata 0, kisha ikapandisha B kwenye daraja la 0 na kutoa jibu 1. Kila B isiyo sifuri ilitoa jibu lilelile. Sarufi haikuvunjwa popote.

Kabla ya kuiacha mashine hiyo, yafaa kutaja kikomo kimoja. Namba kamili ya Fortran ya kwanza haikuruhusiwa kufikia 32768, yaani 2 kwa kipeo cha kumi na tano. Kumbukumbu kubwa kabisa ya IBM 704 ilikuwa na vyumba 32768 hivyohivyo, na kazi kuu ya namba kamili ilikuwa kuhesabia mahali pa vitu katika safu. Kikomo hiki kitaonekana tena.

Ulaya jambo hilo lilitazamwa vingine. Watu 13 waliokutana Paris mwezi wa Januari 1960 kutunga Algol 60 walitaka lugha itakayochapwa katika majarida kama vile inavyoandikwa kwa mashine, na kwa hiyo hawakupenda umbo la mashine lionekane kila mahali. Ripoti yao, iliyohaririwa na Peter Naur, iliruhusu namba kamili na namba ya nukta zichanganywe. Iliondoa mtego wa kugawanya kwa kuweka alama mbili: moja ambayo daima hutoa namba ya nukta, hivyo 5/2 ni 2.5, na nyingine ya kugawanya namba kamili tu. Na ilipofika penye forodha ya alama ya kuweka thamani, iliamuru namba ikadiriwe kwenda kwenye namba kamili iliyo karibu, isikatwe. Basi 2.7 iliyokuwa 2 Marekani ikawa 3 Paris. Ripoti ilipendekeza pia kanuni iitwayo entier, ambayo hutoa namba kamili kubwa kabisa isiyozidi ile iliyotolewa. Kwa kanuni hiyo -2.7 ni -3. Neno walilotumia kwa kazi hizi lilikuwa la kuhamisha, kama vile mali inavyohamishwa kutoka daftari moja hadi jingine, na ni neno zuri kuliko la kugeuza, kwa kuwa hukumbusha kwamba kuna mahali panapotoka na mahali panapofika.

Tarehe 1 Mei 1964, kabla ya mapambazuko, lugha ya BASIC ilifanya kazi kwa mara ya kwanza katika Chuo cha Dartmouth. John Kemeny na Thomas Kurtz waliitunga kwa ajili ya wanafunzi wa fani zote, hata wale wa fasihi na historia, nao waliona kwamba tofauti ya 3 na 3.0 ni siri ya mashine ambayo mwanafunzi wa siku ya kwanza hana haja nayo. BASIC ya kwanza ilikuwa na namba za aina moja tu. Uamuzi huo ulidharauliwa na wataalamu wengi, lakini kwa upande wa ufundishaji hapana shaka ulikuwa wa busara: mwanafunzi alipata nafasi ya kufikiri juu ya swali lake. Lugha ilipoongezewa vigeu vya maneno baadaye, majina yao yalitiwa alama ya dola mwishoni. Ngeli ikarudi, safari hii kwa kiambishi tamati.

Kampuni ya IBM ilikuwa wakati huohuo ikitunga lugha kubwa, PL/I, ambayo ilikusudiwa kuwafaa watu wa sayansi na watu wa biashara pamoja. Humo karibu kila aina iliweza kugeuzwa kuwa karibu kila aina nyingine bila mwandishi kuomba. Nia ilikuwa njema: asitoke mtu mikono mitupu. Mfano uliojulikana sana ni 25+1/3. Kwa kanuni za lugha hiyo 1/3 ilihesabiwa kama desimali ya tarakimu 15, ambazo 14 kati yake ziko baada ya nukta. Matokeo ya kujumlisha nayo yalipewa nafasi 15, 14 zikiwa baada ya nukta, na hivyo mbele ya nukta ikabaki nafasi moja tu. Tarakimu 2 ya ishirini na tano haikuwa na mahali pa kukaa. Pale ambapo onyo la kuzidi kipimo lilikuwa limezimwa, jibu lilitoka 5.33333333333333. Kila hatua ya safari hiyo ilikuwa imeandikwa katika kitabu, na mtu mwenye subira aliweza kuifuata. Ila mtu mwenye subira hiyo asingehitaji kompyuta kwa kujumlisha namba mbili.

Kutoka hapo wanazuoni waligawanyika. Adriaan van Wijngaarden wa Mathematisch Centrum ya Amsterdam, aliyekuwa kiongozi wa utungaji wa Algol 68, hakutaka kukataza ugeuzaji wa siri wala kuuachia holela. Alitaka kuutungia sarufi kamili. Aliuita kulazimisha, akautenga katika namna sita, kisha akazitaja nafasi za sentensi, zenye nguvu na dhaifu, na kueleza ni namna ipi huruhusiwa katika nafasi ipi. Ni kazi ya kustaajabisha, na msomaji aliyezoea kanuni za fonolojia ataiona kuwa na uzuri wake. Walimu hawakuuona. Niklaus Wirth, aliyekuwa amejitenga na kamati hiyo, alitunga Pascal huko Zürich mwaka 1970 kwa nia ya kufundishia, akarudi kwenye sheria fupi: namba kamili yaweza kuvuka yenyewe kwenda kwenye namba ya nukta, kwa kuwa haipotezi kitu, safari ya kurudi haina ruhusa mpaka mwandishi aseme trunc au round, yaani kata au kadiria. Mwanafunzi wa Pascal alilazimika kutamka hasara yake. Vizazi viwili vya wanafunzi, hata katika vyuo vya Afrika ya Mashariki, walijifunza programu kwa lugha hiyo, na kwa wengi wao neno trunc lilikuwa ndilo somo la kwanza kwamba namba ina aina.

Lugha ya C ilikuja kwa njia nyingine kabisa. Mama yake, B, iliyotungwa na Ken Thompson katika maabara ya Bell, haikuwa na aina hata moja: kila kitu kilikuwa chumba cha mashine. Ilipohamishiwa PDP-11, mashine iliyoweza kutaja mahali pa herufi mojamoja, hali hiyo haikuvumilika tena, na katika miaka ya 1971 hadi 1973 Dennis Ritchie aliipatia lugha aina zake na jina jipya. Lakini ugeni huo wa aina haukuisha. Katika C namba yenye alama ya kutoa ikilinganishwa na ile isiyojua kutoa, ya kwanza hugeuzwa kimyakimya ifuate ya pili, hata -1 ikahesabiwa kuwa kubwa kuliko 1. Wanafunzi huliona jambo hilo kuwa kichekesho mpaka litokee katika kazi yao wenyewe.

Hadi hapa hasara zilikuwa za karatasi. Tarehe 25 Februari 1991, wakati wa vita vya Ghuba, kombora la Scud lilianguka juu ya kambi ya askari wa Marekani huko Dhahran, Saudi Arabia, na kuua askari 28. Mtambo wa Patriot uliowekwa kuwalinda haukurusha. Uchunguzi wa ofisi ya ukaguzi ya bunge la Marekani, uliotolewa mwezi wa Februari 1992, ulieleza sababu. Saa ya mtambo ilihesabu sehemu za kumi za sekunde kwa namba kamili. Ili kukisia mahali pa kombora, hesabu hiyo iligeuzwa kuwa sekunde kwa kuzidishwa na moja ya kumi, katika chumba cha biti 24. Moja ya kumi, ambayo kwa desimali ni tarakimu moja tu baada ya nukta, katika hesabu ya mbili haina mwisho, kama vile theluthi isivyo na mwisho katika desimali, basi ilikatwa. Kilichokatwa kilikuwa kidogo mno. Lakini mtambo ulikuwa umewashwa saa 100 mfululizo, yaani sehemu za kumi 3,600,000, na kosa likafikia thuluthi moja ya sekunde. Katika muda huo kombora lilikwenda zaidi ya nusu kilomita, na mtambo ukatazama mahali ambapo hapakuwa na kitu. Programu iliyorekebishwa ilifika Dhahran siku iliyofuata.

Wenye kutetea ugeuzaji wa wazi waliweza kusema kwamba mkasa huo ni matunda ya programu za zamani, na kwamba lugha zilizotungwa kwa uangalifu zisingeuruhusu. Lugha ya namna hiyo ilikuwapo. Wizara ya ulinzi ya Marekani ilikuwa imeagiza lugha moja ya kazi zake nzito, nayo, chini ya Jean Ichbiah, ikawa sanifu mwaka 1983 kwa jina la Ada. Ada haigeuzi aina kwa siri. Mwandishi asipoitaja aina anayotaka, mfasiri hukataa. Na thamani isipoenea katika aina hiyo, programu husimama na kupiga kelele. Ni Pascal iliyovishwa silaha.

Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ariane 5 iliruka kwa mara ya kwanza kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa, ikiwa imebeba setilaiti nne za utafiti ziitwazo Cluster. Sekunde 37 hivi baada ya injini kuwashwa, ikiwa juu kiasi cha mita 3,700, ilipinda ghafula, ikaanza kuvunjika, na ikajilipua kama ilivyoagizwa kufanya katika hatari. Tume iliyoongozwa na mwanahisabati Jacques-Louis Lions ilitoa ripoti tarehe 19 Julai mwaka huohuo, na ripoti hiyo ingefaa kusomwa na kila mwanafunzi wa lugha za kompyuta kabla ya kitabu chochote cha mazoezi.

Katika chombo cha kupimia mwendo na mwelekeo wa roketi kulikuwa na programu ya Ada iliyochukuliwa kutoka Ariane 4. Sehemu yake moja ilikuwa ya kusawazisha chombo kabla ya kuruka. Kwa Ariane 5 sehemu hiyo haikuwa na kazi yoyote baada ya roketi kuondoka ardhini, lakini iliachwa iendelee kwa sekunde 40 hivi za safari, kwa sababu Ariane 4 ilikuwa na haja nayo pale kuhesabu kunaposimamishwa dakika ya mwisho na kuanzishwa tena. Humo namba moja, inayohusiana na mwendo wa ulalo, iligeuzwa kutoka nukta inayoelea ya biti 64 kuwa namba kamili ya biti 16. Kikomo cha juu cha namba kamili ya biti 16 ni 32767. Ndicho kikomo cha Fortran ya mwaka 1957.

Ariane 5 ilishika mwendo wa ulalo mara tano upesi kuliko Ariane 4. Namba ikapita kikomo. Ada ikafanya kama ilivyoahidi: ikasimama na kupiga kelele. Hapakuwa na mtu aliyeandikiwa kusikia. Watengenezaji walikuwa wamechunguza sehemu saba za hatari za namna hiyo, wakaziwekea nne kinga, na kuziacha tatu wazi ili kazi ya kompyuta isizidi asilimia 80 ya uwezo wake. Na kwa hizo tatu walitegemea kwamba ama umbile lenyewe litazizuia, ama nafasi iliyobaki ni kubwa ya kutosha. Kwa Ariane 4 ilikuwa kweli. Chombo cha akiba kilikuwa kimezima punde kidogo kabla ya kile cha kwanza, kwa kosa hilohilo, kwani kilikuwa na programu hiyohiyo.

Lililofuata hutajwa mara chache, nalo ndilo lenye mafunzo zaidi kwa mwanaisimu. Chombo kilichokuwa kimezima kilituma kwa kompyuta kuu ujumbe wa kueleza ugonjwa wake. Kompyuta kuu haikujua kwamba huo ni ujumbe. Iliusoma kama namba za safari, ikaona kwamba roketi imepotoka vibaya, na ikazigeuza bomba za injini hadi mwisho ili kusahihisha upotofu ambao haukuwapo. Kosa la kwanza lilikuwa la kugeuza namba isiyoenea. La pili lilikuwa kosa la kale kabisa, la chumba cha biti 36: maneno yalisomwa kuwa tarakimu.

Yaonekana kwamba mabishano ya wazi na siri, yaliyoanza na A=3*B, yalikuwa yameuliza nusu tu ya swali. Ugeuzaji wa Kourou ulikuwa wazi kabisa. Uliandikwa, ukasomwa, ukajadiliwa, na uamuzi ukatolewa juu yake. Kilichokosekana ni jibu la nini kifanyike thamani isipoenea, na jibu hilo haliwezi kutolewa na sarufi ya lugha. Linahitaji mtu ajuaye roketi itakwenda kwa mwendo gani.

Wakati huohuo lugha za mtandao zilikwenda upande ulio kinyume. JavaScript, ambayo Brendan Eich aliitunga kwa siku kumi mwezi wa Mei 1995 katika kampuni ya Netscape, hugeuza chochote kiwe chochote. Alama ya kujumlisha humo hutumika pia kuunganisha maneno, kwa hiyo herufi "5" ikijumlishwa na namba 3 hutoa "53". Lakini herufi hiyohiyo ikitolewa 3 hutoa 2, kwa kuwa maneno hayana kutoa. Hata jedwali la hesabu la ofisini lilijifunza tabia hiyo. Mwaka 2004 wataalamu wa elimu ya urithi walionya kwamba Excel huyasoma majina ya jeni kama SEPT2 na MARCH1 kuwa tarehe za Septemba na Machi. Mwaka 2016 wachunguzi wa Australia walikuta makosa ya namna hiyo katika takriban makala moja kati ya kila tano zilizoambatanishwa na majedwali ya orodha za jeni. Mwaka 2020 mabingwa wa istilahi wa fani hiyo walisalimu amri. Jeni zikapewa majina mapya, SEPTIN2 na MARCHF1. Ni nadra istilahi ya sayansi kubadilishwa kwa kuihofu programu ya kukokotolea hesabu.

Lugha ambayo wanafunzi wengi huanza nayo leo, Python, ilizaliwa Amsterdam katika taasisi ileile ya van Wijngaarden, ambayo tangu mwaka 1983 huitwa CWI. Guido van Rossum alikuwa amefanya kazi humo katika lugha ya ABC, iliyotungwa kwa watu wasio wataalamu, na alitoa Python mwaka 1991. Haikukubali kamwe kujumlisha "5" na 3. Hukataa na kusema kwa nini. Lakini katika mambo mawili ilikuwa imerithi ya zamani. Kugawanya namba kamili kulitoa namba kamili, kama Fortran. Na amri ya input, ambayo humwuliza mtumiaji swali, ilichukua alichoandika na kukikokotoa kana kwamba ni sehemu ya programu, hivyo mtumiaji akiandika 5 ilirudi namba, na akiandika jina lake ilirudi hitilafu, au kitu kibaya zaidi kama alijua la kuandika.

La kwanza lilijadiliwa tangu mwaka 2001, na suluhisho lilikuwa lile la Paris: alama mbili, / ya kutoa namba ya nukta daima, na // ya namba kamili. La pili lilisahihishwa pamoja nalo katika Python 3, iliyotolewa tarehe 3 Desemba 2008. Tangu hapo input hurudisha herufi, hata kama mtumiaji ameandika tarakimu tupu, na mwanafunzi anayetaka namba hana budi kuandika int(input()), au float badala ya int. Programu za zamani hazikuweza kuendeshwa na toleo jipya bila kurekebishwa, na wenye nazo walinung'unika kwa miaka zaidi ya kumi, hadi huduma ya Python 2 ilipokomeshwa tarehe 1 Januari 2020. Katika vyumba vya masomo swali liliulizwa siku ya kwanza au ya pili, na bado huulizwa: kwa nini mashine, iliyoonyeshwa 5, haioni kwamba ni tano.